Kuhusu namba 2,147,483,647

Jamaa yangu mmoja anauza vitambaa kwa jumla Kariakoo, na kwa miaka kadhaa hesabu za duka lake zilitunzwa na programu aliyotengenezewa na kijana wa mtaani kwao. Mwishoni mwa mwaka mmoja wa biashara nzuri, mahali palipotakiwa kuandikwa jumla ya mauzo ya shilingi 2,150,000,000, programu ikamwandikia kwamba mauzo ya mwaka mzima ni shilingi −2,144,967,296. Alinipigia simu akiamini kwamba ameibiwa, nami nikaona kazi ya kumtuliza ingekuwa nyepesi zaidi kama kweli angekuwa ameibiwa, maana hakuna mwizi anayeweza kumwachia mtu mauzo yaliyo chini ya sifuri.

Ukizichukua namba hizo mbili ukazijumlisha bila kujali ile alama ya hasi, unapata 4,294,967,296, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 32, na hapo chanzo cha tatizo kinaonekana. Programu nyingi huhifadhi namba kamili katika biti 32, kila biti ikiwa ama 0 ama 1. Biti moja hutengwa ili ionyeshe kama namba ni chanya au hasi, na zile 31 zinazosalia hubeba kiasi chenyewe. Zote 31 zinapokuwa 1, kiasi hicho ni 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea hivyo mpaka 1,073,741,824, na jumla yake ni 2,147,483,647, yaani 2³¹ − 1. Ukiongeza shilingi moja tu juu ya hapo, hesabu haipandi tena bali inageuka, kama mita ya kilomita ya gari kuukuu inavyogeuka baada ya 99,999, isipokuwa kwamba hii haiangukii kwenye sifuri bali kwenye shimo la chini kabisa, −2,147,483,648. Waliouzoesha ulimwengu mpango huu hawakuwa wakiifikiria shilingi ya Tanzania, ambayo kwayo bilioni mbili ni mkataba wa kawaida wa ujenzi. Na kama programu inahesabu kwa senti, ukomo unashuka hadi shilingi 21,474,836 na senti 47, fedha ambayo mjini hapa humalizwa na gari dogo lililokwisha kutumika Japani.

Ukomo huohuo unaingoja saa ya kompyuta. Mifumo mingi huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za kimataifa, wakati ambao hapa Dar es Salaam ilikuwa saa tisa usiku. Gawanya 2,147,483,647 kwa sekunde 86,400 za siku moja: unapata siku 24,855 na sekunde 11,647, ambazo ni saa tatu, dakika 14 na sekunde 7. Kwa hiyo mfumo wowote ambao haujabadilishwa utafika ukomo wake siku ya Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu, wakati daladala za Mbagala zimekwisha kujaa watu wanaowahi kazini. Sekunde inayofuata, mfumo huo utaamini kwamba ni Ijumaa ya tarehe 13 Desemba 1901, zama ambazo mji huu ulikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani.

Hayo nimeyapitia haraka kwa sababu yameelezwa na wengi, na kila fundi wa kompyuta anayajua. Jambo linalonivutia mimi, ninayefundisha hisabati jioni, ni sifa nyingine ya namba hii ambayo haihusiani kabisa na kompyuta, nayo ni kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa: hakuna namba nyingine inayoigawanya bila baki isipokuwa 1 na yenyewe. Watu wengi niliozungumza nao hudhani kwamba sifa hizo mbili zinakwenda pamoja, kwamba waliounda kompyuta waliichagua kwa kuwa ni tasa. Sivyo. Tazama ukomo wa namba zenye alama katika mifumo ya biti 8, 16, 32 na 64. Wa kwanza ni 127, ambayo ni tasa. Wa pili ni 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Wa tatu ni namba yetu. Wa nne ni 9,223,372,036,854,775,807, ambayo inagawanyika kwa 7 mara mbili, halafu kwa 73, 127, 337, 92,737 na 649,657. Biti huongezwa kwa kurudufisha, moja inatengwa kwa ajili ya alama, na vipeo vinavyobaki ni 7, 15, 31 na 63. Na kipeo kisipokuwa tasa, matokeo nayo hayawezi kuwa tasa. Kwa mfano 15 ni 3 × 5, kwa hiyo 2¹⁵ − 1 lazima igawanyike kwa 2³ − 1, ambayo ni 7, na kwa 2⁵ − 1, ambayo ni 31. Basi 63 ilikuwa imekwisha kushindwa kabla ya mashindano kuanza. Ile 31 ni tasa, lakini hiyo nayo ilikuwa ruhusa tu ya kushiriki, kwa sababu kipeo kuwa tasa hakutoshi: 2¹¹ − 1 ni 2,047, na 2,047 ni 23 × 89.

Swali la vipeo vipi vinatoa namba tasa limewasumbua watu kwa muda mrefu, na majibu yao yamejaa makosa ya kufurahisha. Pietro Cataldi wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1603, alionyesha kwa kugawanya kwa mkono kwamba vipeo vya 17 na 19 vinafaa, jambo ambalo ni kweli, kisha akadai bila uthibitisho kwamba 23, 29, 31 na 37 navyo vinafaa. Mwaka 1640 mwanahisabati wa Kifaransa Fermat aliivunja 23 kwa kuonyesha kwamba 2²³ − 1 inagawanyika kwa 47, akaivunja na 37 kwa kigawo cha 223. Ile 29 ilivunjwa na mwanahisabati wa Uswisi, Euler, karne iliyofuata, kwa kuwa 2²⁹ − 1 ni 233 × 1,103 × 2,089. Katika madai manne ya Cataldi likabaki moja tu, la 31, nalo lilikuwa kweli kwa bahati. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1644, mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne alitoa orodha yake ya vipeo mpaka 257, ambamo 67 na 257 vimeingizwa kimakosa na 61, 89 na 107 vimesahaulika. Namba za aina hii zinaitwa kwa jina lake mpaka leo, jambo ambalo naliona ni ukarimu mkubwa kwa mtu aliyekosea mara tano.

Aliyethibitisha kwamba 2³¹ − 1 ni tasa ni Leonhard Euler, katika barua yake iliyochapishwa mwaka 1772, wakati akiishi St. Petersburg naye karibu ni kipofu kabisa. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu kazi hiyo haikufanywa kwa nguvu za kugawanya peke yake, na kijana wa kidato cha nne mwenye subira anaweza kuifuata karibu yote kwa kalamu na karatasi.

Njia ya kawaida ya kujua kama namba ni tasa ni kuigawanya kwa namba tasa zote zisizozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na sehemu, na chini ya hapo kuna namba tasa 4,792. Zile za mwanzo huondoka bila jasho: namba yetu inaishia na 7, basi 2 na 5 hazifai, jumla ya tarakimu zake ni 46, basi 3 haifai, 7 na 11 kila moja inabakisha 1. Baada ya hapo unabaki na maelfu. Hata kama kila mgawanyo unachukua dakika tano tu, bila kukosea, kazi nzima ni ya saa karibu 400.

Euler hakuanza na kugawanya bali alianza na swali: kama kigawo kipo, kitakuwa na sura gani? Tuseme ipo namba tasa, tuiite p, inayoigawanya 2³¹ − 1. Maana yake ni kwamba 2³¹ ikigawanywa kwa p hubaki 1. Sasa andika mfululizo wa 2, 4, 8, 16 na kuendelea, na chini ya kila namba andika kinachobaki ukiigawanya kwa p. Mabaki hayo lazima yajirudie, na kila 1 inapotokea mzunguko huanza upya. Tunajua kwamba 1 inatokea kwenye nafasi ya 31, kwa hiyo urefu wa mzunguko lazima uwe kigawo cha 31. Na kwa kuwa 31 ni tasa, urefu huo ni 1 au 31. Hauwezi kuwa 1, kwa sababu hapo 2 yenyewe ingebaki 1 ikigawanywa kwa p, na hakuna namba tasa inayofanya hivyo. Basi mzunguko una hatua 31 kamili. Lakini Fermat alikwisha kueleza mwaka 1640 kwamba kwa namba tasa yoyote p isiyokuwa 2, namba 2 kwa kipeo cha p − 1 hubaki 1 ikigawanywa kwa p. Kwa hiyo hatua 31 lazima zienee ndani ya hatua p − 1 bila kupungua wala kuzidi, yaani 31 inaigawanya p − 1. Tena p ni witiri, basi p − 1 ni shufwa, na hivyo p − 1 inagawanyika kwa 62.

Anayetaka kuhakikisha kwamba hoja hii si maneno matupu aitazame ile 2²⁹ − 1 ambayo vigawo vyake tunavijua. Ukitoa 1 katika kila kigawo unapata 232, 1,102 na 2,088, ambazo ni 29 × 8, 29 × 38 na 29 × 72. Nimewahi kuandika mistari hiyo mitatu ubaoni na darasa lote likanyamaza, kisha mmoja akauliza kama ni lazima iwe hivyo kila mara. Ni lazima.

Kuna chujio la pili, nalo ndilo pekee linalohitaji kitu kisichofundishwa sekondari. Kama 2³¹ inabaki 1, basi 2³² inabaki 2. Na 2³² ni 2¹⁶ ikizidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo 2 ni baki la namba fulani ya kipeo cha pili, na inajulikana kwamba jambo hilo hutokea tu kwa zile namba tasa witiri ambazo zikigawanywa kwa 8 hubaki 1 au 7. Sasa chukua namba zinazozidi kigawe cha 62 kwa moja: 63 ikigawanywa kwa 8 hubaki 7, 125 hubaki 5, 187 hubaki 3, 249 hubaki 1, halafu mpangilio unajirudia. Mbili katika kila nne zinatupwa, na zinazosalia ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 248 hubaki 1 au 63.

Hesabu zilizosalia sasa. Baada ya kuiacha 63 yenyewe, ambayo inagawanyika kwa 7, namba za sura hiyo zisizozidi 46,340 ni 372. Kwa mwendo wetu wa dakika tano tano hiyo ni kazi ya saa 31, na kufanana kwake na kipeo chetu ni sadfa tu. Tena si zote zinazohitaji kujaribiwa. Kumi za kwanza ni 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055, 1,241 na 1,303, na humo zilizo tasa ni mbili peke yake: 249, 807 na 993 zinagawanyika kwa 3, 745 na 1,055 kwa 5, 497 kwa 7, 559 kwa 13, na 1,241 ni 17 × 73. Basi unagawanya kwa 311, unapata 6,905,092 na baki 35. Unagawanya kwa 1,303, unapata 1,648,107 na baki 226. Unaendelea hivyo mpaka mwisho, na hakuna hata mara moja ambapo baki ni sifuri.

Uthibitisho huo ulitoa kitu kingine papo hapo. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vinajumlishwa na kuirudisha: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Tangu enzi za Euklidi, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, imejulikana kwamba kila 2 kwa kipeo kutoa 1 inapokuwa tasa, ukiizidisha kwa 2 yenye kipeo kinachotangulia unapata namba kamilifu. Kwa hiyo 2³⁰ × 2,147,483,647, ambayo ni 2,305,843,008,139,952,128, ni namba kamilifu, ya nane kwa ukubwa. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo itabaki kuwa kubwa kuliko zote zitakazopatikana, kwa sababu namba hizi ni za kushangaza tu wala hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Mwaka 2024 Mmarekani Luke Durant aliipata ile yenye kipeo cha 136,279,841, ambayo ina tarakimu 41,024,320. Watu hujisumbua.

Na kuhusu faida, Barlow angeshangaa zaidi, kwa sababu ile hali ya kuwa tasa hatimaye ilipata kazi ndani ya kompyuta zilezile ambazo ziliichukua namba hii bila kuijali. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza kanuni fupi ya kuzalisha namba zinazoonekana kuwa za nasibu: chukua namba uliyo nayo, izidishe kwa 16,807, igawanye kwa 2,147,483,647, na baki ndiyo namba yako inayofuata. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, na kadhalika. Uzuri wake ni kwamba mfululizo huo hupita katika kila namba kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi mwanzo. Sababu iko kwa jirani wa chini. Jirani wa juu wa namba yetu, 2,147,483,648, hana kitu ndani yake isipokuwa 2 tupu 31, lakini wa chini ni tajiri: 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Namba 7, ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe na kuchukuliwa mabaki, hutembelea namba zote kuanzia 1 mpaka jirani huyo wa chini bila kuruka hata moja. Kanuni ya Park na Miller inaruka hatua tano tano za safari hiyo, kwa kuwa 16,807 ni 7⁵, na kwa kuwa 5 haimo kabisa katika vigawo vya jirani wa chini, kuruka huko hakuachi namba yoyote nje. Wangeruka hatua tatu tatu, wangetembelea theluthi moja tu ya namba na kurudi mwanzo. Siku hizi zipo kanuni bora zaidi, na hakuna anayepaswa kuitumia hii kulinda nywila wala fedha, lakini sijaona nyingine inayoweza kuelezwa yote ubaoni kwa kipindi kimoja.

Limebaki jambo moja ambalo wanafunzi huliuliza wenyewe mara wanapogundua kwamba 31 nayo ni 2⁵ − 1. Ngazi hiyo inaonekana kupanda vizuri: kipeo cha 3 kinatoa 7, kipeo cha 7 kinatoa 127, kipeo cha 31 kinatoa namba yetu, na kipeo cha 127 kinatoa ile ya Lucas, zote tasa. Je, tukiifanya 2,147,483,647 yenyewe kuwa kipeo? Namba itakayopatikana ina tarakimu zaidi ya milioni 646, na hakuna anayeweza kuigawanya kwa njia ya kawaida. Lakini hoja ileile ya Euler inafanya kazi: kigawo chochote cha namba hiyo, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa 2,147,483,647. Basi watafutaji walipita katika vigawe vya namba yetu mmoja baada ya mwingine, na walipofika 2,147,483,647 × 137,490 wakaongeza 1, wakapata 295,257,526,626,031, ambayo inaigawanya bila baki. Ngazi imekatika hapo. Vipeo vya 8,191, 131,071 na 524,287 navyo vilikwisha kuanguka, na kinachofuata kwenye foleni ni kipeo cha 2⁶¹ − 1, na namba inayotokana nacho mpaka sasa hakuna aliyeipatia kigawo wala aliyethibitisha kwamba haina.